Kalemie: Mzigo wa pikipiki unafungwa na nani?

Alfajiri, kwenye parkingi za pikipiki mjini Kalemie, kazi ya kwanza ya motari si kuendesha, ni kufunga. Magunia ya ndagala kavu, bidoni za mafuta ya mawese, godoro lililokunjwa, mbuzi aliyefungwa miguu, mara nyingine kitanda kizima cha mbao, vyote vinapandishwa nyuma ya pikipiki ya 125. Kamba za mpira zinavutwa hadi mishipa ya shingo inamtoka anayezivuta. Kisha anakuja abiria, na nyuma ya abiria mtoto wake. Ndipo safari ya Nyunzu, ya Bendera au ya upande wa Moba inaanza.

Hakuna anayeshangaa tena. Watu wamezoea kuona pikipiki ambayo kutoka nyuma huoni pikipiki, unaona gunia linalotembea na miguu miwili inayoning'inia. Wamezoea pia kusikia kwamba fulani ameanguka na kuvunjika mguu, au mama fulani hakufika. Watu husema ni barabara, ni mwendo wa kasi, au ni vijana wanaoendesha bila kujifunza. Yote hayo ni kweli. Lakini kuna jambo moja ambalo halizungumzwi sana: namna mzigo ulivyofungwa kabla pikipiki haijaondoka, na nani aliyeamua kwamba mzigo huo unafaa kubebwa.

Inashangaza kwamba hali hii iko Kalemie, kwa sababu mji huu ulikua kwa sababu ya mizigo. Reli kutoka Kabalo ilifika hapa mwaka 1915, wakati mji ulikuwa unaitwa Albertville, ili bidhaa za upande wa mto Lualaba zifike ziwani na kuvuka hadi Kigoma. Bandari na stesheni zilikuwa na mizani, na watu ambao kazi yao ilikuwa kupima na kupanga tu. Behewa lilikuwa na kipimo chake, na aliyezidisha alijibu. Leo treni si kitu ambacho mfanyabiashara mdogo anaweza kukipangia wiki yake. Malori nayo wakati wa mvua yanalala kwenye matope siku kadhaa. Pikipiki imerithi kazi ya behewa na kazi ya lori, lakini haikurithi mizani.

Tufanye hesabu ndogo. Bidoni moja ya lita 20 ya mawese ina uzito wa kilo 18 hivi. Bidoni nne ni kilo 72. Motari mwenyewe ana kilo 65 au 70. Abiria mtu mzima, kilo 60. Hapo tumeshapita kilo 190, na bado hatujahesabu mfuko wa abiria, mtoto na sufuria. Pikipiki ndogo za 125 zinazotoka India, ambazo ndizo nyingi katika barabara zetu, kwa kawaida watengenezaji wanazipangia kubeba kilo 130 hadi 150 hivi, dereva akiwa ndani ya hesabu. Ina maana safari ya kawaida kabisa, ambayo hakuna mtu angeiita ya ajabu, imeshazidi kipimo kabla ya kutoka mjini.

Wengine watajibu: pikipiki inaenda tu. Ndiyo, inaenda. Injini haikatai mzigo mapema. Vinavyokataa kwanza ni freni, matairi na gurudumu la mbele. Mzigo ukiwekwa nyuma kabisa, kupita mahali gurudumu la nyuma linapogusa ardhi, unainua pua ya pikipiki. Gurudumu la mbele linakuwa jepesi, gidoni inakuwa kama inacheza mkononi, na freni ya mbele, ambayo ndiyo yenye nguvu zaidi, inashika gurudumu ambalo halina uzito wa kulikandamiza chini. Kwenye mlima, motari anaegemea mbele hadi kifua kinagusa gidoni ili pikipiki isisimame na gurudumu moja. Abiria wengi wameona jambo hilo na kucheka. Motari hacheki.

Kwa hiyo uzito peke yake si kila kitu. Mahali uzito ulipo ni jambo kubwa vilevile. Gunia la kilo 50 lililolazwa chini, karibu na mgongo wa dereva, linaendeshwa vizuri kuliko gunia la kilo 30 lililowekwa juu ya magunia mengine. Kitu kizito kinapaswa kuwa chini na katikati, na kitu chepesi juu. Pande mbili za pikipiki zilingane, maana bidoni mbili kushoto na moja kulia zitamfanya dereva aendeshe siku nzima akiwa amepinda, na mgongo wake utamwambia jioni. Hayo kila motari mzoefu wa Kalemie anayajua bila kufundishwa shuleni. Shida ni kwamba anayajua na bado hayafuati, na sababu yake tutaifikia.

Bidoni zina shida yake ya pekee. Watu wengi wanafikiri bidoni iliyojaa nusu ni salama zaidi kwa sababu ni nyepesi. Si hivyo. Mafuta au maji yaliyo nusu yanacheza ndani. Pikipiki ikikata kona, yanakimbilia upande mmoja. Ikifunga freni, yanakimbilia mbele. Mzigo unaojisukuma wenyewe ni mgumu kuliko mzigo uliolala. Ni afadhali bidoni moja iliyojaa hadi shingoni kuliko mbili zilizo nusu. Na kuhusu bidoni za esanse, zile zinazopelekwa vijijini kuuzwa kwa chupa, kinachotakiwa kusemwa ni kifupi: bidoni ya esanse karibu na bomba la moshi lenye moto, na abiria juu yake, ni jambo ambalo parkingi yenyewe ingepaswa kulikataza leo, bila kungoja kiongozi yeyote.

Ndagala ina tabia nyingine. Ndagala kavu si nzito sana kwa ukubwa wake, na ndiyo maana inadanganya. Gunia ni pana, linapanda juu, na upepo wa ziwa unalishika kama tanga la mtumbwi. Lori likipita kwa kasi, upepo wake unaisukuma pikipiki pembeni. Na kwa kuwa gunia ni pana, motari anasahau kwamba yeye sasa si mwembamba tena. Kwenye vijia vya katikati ya majani, au pale ambapo barabara imebaki mstari mmoja kati ya mashimo mawili, ncha ya gunia inagusa mti au bega la mtu anayetembea kwa miguu. Wanaogongwa hivyo ni watu ambao hawakupanda pikipiki yoyote, na majina yao hayaingii katika hesabu ya ajali ya pikipiki.

Na kamba. Hapa watu wetu wana akili ambayo inastahili sifa. Kamba za mpira zinazokatwa kwenye mipira ya ndani ya matairi kuukuu ni chombo kizuri. Mzigo ukitikisika na kushuka kidogo, mpira unajivuta na kuendelea kubana, wakati kamba ya nailoni inabaki imelegea. Lakini mpira una maadui watatu: jua, mafuta na uzee. Mpira uliolowa mawese unakuwa laini na unateleza. Mpira uliokaa juani miezi mingi unapata nyufa ndogo ndogo, na unakatika siku ambayo umevutwa zaidi ya siku zote, yaani siku ya mzigo mkubwa. Nailoni nayo haivutiki kama mpira, lakini fundo lake linateleza, na ikigusa bomba la moshi inayeyuka. Motari wazee wanatumia vyote viwili: nailoni ya kushika, mpira wa kubana juu yake. Hiyo ni elimu kamili, na haina haja ya kuletwa na semina kutoka Kinshasa.

Kitu kinachoua kimyakimya ni ncha ya kamba iliyoachwa inaning'inia. Inaingia kwenye mnyororo au kwenye gurudumu la nyuma, na gurudumu linafunga ghafla. Kikwembe cha mama aliyepanda nyuma kinafanya vivyo hivyo. Mama anakaa upande mmoja, mtoto mgongoni, mkono mmoja umeshika mzigo usianguke, na kikwembe kinashuka polepole kuelekea gurudumu. Hakuna anayekiona. Dereva anaangalia mbele, na mama anaangalia mzigo wake kwa sababu mtaji wake wote uko pale. Anayekaa parkingi bila abiria, akisubiri zamu yake, ndiye mwenye macho ya bure ya kuona hilo kabla ya kuondoka. Ingekuwa desturi nzuri kwamba kila pikipiki inayotoka safari ndefu ikaguliwe na motari mwingine, dakika moja tu, akizunguka pande zote. Mwenye kufunga mzigo mara nyingi haoni kosa lake mwenyewe.

Sasa, kwa nini motari anayejua haya yote anafunga vibaya? Msikilize anavyozungumza na mteja. "Mama, mzigo huu umezidi." "Papa, ongeza tu, ni kidogo, utapita polepole." "Mama, tuweke pikipiki mbili." "Pikipiki mbili nitalipa na nini? Kama hutaki, yule pale atabeba." Na kweli, yule pale atabeba. Mazungumzo yanaishia hapo. Motari wengi hawana pikipiki zao wenyewe. Wanalipa versement kwa patroni, iwe siku nzuri au siku mbaya. Anayekataa mzigo asubuhi anaweza kufika jioni bila kitu. Kwa hiyo anayefunga mzigo kwa mikono yake ni motari, lakini anayeamua uzito wake ni mwenye bidhaa, na nyuma yake yuko patroni ambaye hayupo parkingi na wala hajui kwamba springi za nyuma za pikipiki yake zimelala.

Si haki kumlaumu mama huyo peke yake. Amenunua ndagala ziwani kwa pesa ya likelemba, anatakiwa kuirudisha kwa tarehe, na akigawa mzigo kwenye pikipiki mbili faida yote inabaki barabarani. Hata hivyo, hesabu yake ina tundu. Anahesabu bei ya pikipiki ya pili, lakini hahesabu bidoni moja ikipasuka. Bidoni moja ya mawese ikimwagika njiani inakula faida ya zile zilizobaki. Na hahesabu wiki tatu kitandani na mguu uliovunjika, wakati likelemba inaendelea bila yeye. Mzigo uliozidi unaonekana rahisi kwa sababu gharama yake hailipwi kila safari. Inalipwa safari moja, na siku hiyo inalipwa yote pamoja.

Sheria ipo. Kanuni ya barabara ya nchi yetu, Sheria nambari 78-022 ya tarehe 30 Agosti 1978, ina umri unaowazidi motari wengi wanaopaswa kuifuata. Mkataba wa Vienna wa 1968 juu ya usafiri wa barabarani, ambao Kongo ni mwanachama wake, unasema wazi kwamba mzigo upangwe na ufungwe ili usihatarishe watu, usimzuie dereva kuona, usiharibu uwiano wa chombo, usiburute barabarani, na usifiche taa wala plaki. Ukiichukua orodha hiyo na kusimama kwenye barabara ya kutoka mjini, utaona pikipiki inayovunja yote kwa pamoja. Taa ya nyuma imefunikwa na gunia. Saa moja jioni lori linalokuja nyuma linaona giza tu.

Lakini sheria hiyo raiya anakutana nayo wapi? Anakutana nayo kwenye bariera. Pale mzigo uliozidi hauwi hatari, unakuwa bei. Motari anatoa kitu kidogo, kamba inainuliwa, na pikipiki inaendelea na mzigo uleule, kwa uzito uleule, isipokuwa sasa dereva ana haraka zaidi ili arudishe pesa aliyotoa. Utaratibu wa namna hiyo haupunguzi hata kilo moja. Bariera ambayo haishushi mzigo haina kazi ya usalama, hata kama wanaoisimamia wanaiita hivyo. Adhabu ya kweli ya mzigo uliozidi ni kushusha kilichozidi, palepale, mbele ya watu.

Kuna wanaosema kwamba kuongea juu ya mizigo ya pikipiki ni anasa katika jimbo lenye matatizo makubwa zaidi. Watu walikimbia Goma mwishoni mwa Januari 2025 na Bukavu wiki chache baadaye, na wengi walifika Kalemie kwa mashua wakiwa na mfuko mmoja. Nani atawaambia habari za fundo la kamba? Hoja hiyo inaeleweka lakini haishikiki. Ni kwa sababu watu wanahama na vitu vyao vyote ndipo kufunga vizuri kunakuwa muhimu. Familia inayopakia maisha yake yote kwenye pikipiki moja, na babu katikati, haina mahali pengine pa kuanzia ikianguka.

Na maziwa yetu yalishatufundisha nini maana ya kuzidisha. Mwezi Disemba 2014, meli Mutambala ilizama ikitoka Kalemie kuelekea Uvira, na zaidi ya watu mia moja walikufa. Mwezi Oktoba 2024, mashua iliyojaa kupita kiasi ilizama karibu na bandari ya Kituku huko Goma, watu wakiangalia kutoka ufukweni. Kila mara nchi ililia, viongozi walikuja, amri zilitolewa juu ya kuhesabu abiria na kuvaa jaketi za kuokoa maisha. Pikipiki inaua mmoja leo Bendera, wawili kesho njia ya Nyunzu. Hakuna siku ya maombolezo kwa vifo vya rejareja. Ukivijumlisha kwa mwaka mzima, huenda vingejaza meli.

Nini kifanyike bila kungoja barabara ya lami? Vyama vya motari vina nguvu kuliko vinavyokubali. Vinapanga zamu kwenye parkingi na vinajua kumfukuza anayeiba mteja wa mwenzake. Wanaoweza kumwadhibu mtu kwa kuruka zamu wanaweza pia kumwadhibu kwa kuondoka na mzigo ambao mwenzake ameukataa. Hilo ndilo jambo la kwanza, na pengine ndilo pekee lenye uzito: mzigo uliokataliwa na motari mmoja kwa sababu umezidi, usibebwe na mwingine wa parkingi ileile mpaka upunguzwe. Kanuni hiyo haihitaji franka. Inaondoa lile neno "yule pale atabeba", ambalo ndilo linalofunga mizigo yote mibaya ya mji huu.

La pili ni kutenganisha mtu na bidhaa katika safari ndefu. Mama na ndagala zake wasipande pikipiki moja ikiwa gunia linazidi ukubwa wa kiti. Hapa akina mama wenyewe wanaweza kufanya ambacho motari hawawezi. Wanaoenda soko moja siku moja wakae pamoja: pikipiki mbili zibebe magunia, moja ibebe mama wawili, au mmoja asafiri kuwakilisha wenzake kwa zamu. Bei itapanda kidogo kwa kila mmoja, kweli, lakini si mara mbili. Wanawake wanaoweza kuendesha likelemba ya watu ishirini bila karatasi hawatashindwa kupanga safari ya watu watatu.

Mizani nayo ipo tayari sokoni. Ndagala inapimwa inaponunuliwa na inapimwa inapouzwa. Ni njiani tu ambapo hakuna anayejua uzito wake. Mwenye mzigo aje parkingi akijua kilo zake, na motari amuulize kabla ya kuulizana bei. Patroni naye, akikabidhi pikipiki, aseme kilo anazoruhusu, aweke upepo wa tairi la nyuma unaofaa mzigo, na asidai versement ya siku ambayo motari wake alikataa mzigo wa kuua. Wachache watakubali hilo la mwisho. Lakini patroni anayefanya hesabu ya mnyororo, springi na matairi ya mwaka mzima anaweza kuona kwamba pikipiki iliyobeba kidogo inamlipa kwa muda mrefu zaidi.

Kuhusu abiria wa kawaida, asiye na gunia wala bidoni, anayekwenda msibani au kumpeleka mtoto shule upande wa pili wa Lukuga: ana haki ya kuzunguka pikipiki kabla ya kupanda. Aangalie kama taa ya nyuma inaonekana, kama kuna kamba inayoning'inia, kama gidoni inageuka yote bila kugusa mfuko uliowekwa juu ya tangi. Amwombe motari kasike ya pili. Na baada ya kilometa tano au sita za mwanzo, motari akisimama kukaza kamba, asimwambie kwamba anamchelewesha. Mzigo wowote unajipanga upya kwenye mashimo ya kwanza. Kamba iliyokuwa imebana parkingi inakuwa imelegea kabla ya mji kupotea nyuma, na motari anayesimama pale anajua kazi yake.